Karani Katikati ya Mafundi



Leo naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nizungumze nanyi habari ya kazi ya kalamu. Sina nia ya kujisifu. Mtakaposoma mtaona kwamba pa kujisifu ni pachache na pa kuona haya ni pengi. Nataka hasa kusema na wewe, baba au mama, ambaye mwanao yuko darasani na mwalimu amekuambia kwamba mtoto anaandika vizuri lakini hesabu zinamshinda. Siku hizi kila mzazi ataka mwanawe awe mhandisi au daktari au mtu wa kompyuta, na yule anayeambiwa kwamba mwanawe ni hodari wa insha hutikisa kichwa kana kwamba ameambiwa mtoto ana homa.

Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilikwenda chuo cha ualimu, nikahitimu, nikangoja ajira kama wengi wa rika langu walivyongoja, na katika kungoja huko Baba Paroko akaniita nishike vitabu vya parokia. Ndivyo nilivyo hata leo, ingawa watu wa hapa Kasanda huniita Mwalimu. Vitabu hivyo ni vya ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa na wafu. Watu hudhani ni kazi ya kukaa kivulini. Basi na aje mama aliyezaliwa miaka hamsini iliyopita, hana cheti cha kuzaliwa, naye ataka kuonyesha tarehe yake apate kitambulisho. Sisi tuko karibu na mpaka wa Burundi, na karatasi isemayo mtu alizaliwa wapi na lini si kitu cha mchezo. Nafungua kitabu, nakuta karani wa zamani, Mungu amrehemu, aliandika tarakimu ya 3 inayofanana na 8. Mama yule amesimama mbele yangu ananitazama, na maisha yake yamekaa katika kitanzi kimoja cha wino. Hapo ndipo nilipojifunza kwanza kwamba kuandika ni kazi yenye uzito. Lakini kujua mwenyewe ni jambo moja, na kujuliwa na wengine ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo nitakalosimulia.

Mwaka 2018 ulikuja mradi wa maji katika kijiji kimoja kisicho mbali na sisi. Sitakitaja, wala sitaitaja kampuni iliyojenga, maana baadhi ya watu wale ni rafiki zangu sasa. Yalikuwa maji ya mserereko, yaani hayana mashine. Chemchemi hukingwa juu mlimani, maji yakashuka kwa uzito wake mwenyewe katika bomba hadi tangini, na toka tangini hadi vituo vya kuchotea. Nchi yetu hii ya Buyungu na Muhambwe, na Heru kule Kasulu, Mungu ameipa vilima na chemchemi, kwa hiyo maji ya namna hii yanatufaa sana. Parokia ilikuwa na mkono katika mradi ule, na Baba Paroko akanituma niwe mwandishi wa vikao.

Kikao cha kwanza kilifanyika katika chumba cha shule. Kila mmoja akataja kazi yake. Alikuwapo mhandisi, kijana mwenye miwani, na mpima ardhi, na mhasibu. Alikuwapo fundi bomba mkuu, mtu mzima wa kutoka Kasulu, ambaye hapa nitamwita Fundi. Msimamizi wa mradi alikuwa bwana mnene mwenye sauti nzito. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi ni karani wa parokia, nimetumwa niandike."

Msimamizi akauliza, "Unaandika tu?"

Nikajibu, "Naam, mzee, naandika tu."

"Basi vizuri. Ukipata nafasi utatuletea na chai."

Watu wakacheka, wala si kwa ubaya. Chai niliileta. Kumpa mgeni kinywaji kwetu ni heshima, sikuona aibu. Neno dogo lile, "tu", ndilo lililonichoma, na kilichonichoma zaidi ni kwamba nililitamka mimi mwenyewe kwa kinywa changu.

Nikaazimia kuwaonyesha. Nikakaa usiku kucha nikaandika kumbukumbu za kikao kurasa sita. Nilianza na methali, nikaeleza jinsi jua lilivyochomoza na wajumbe walivyowasili wakiwa na nyuso za furaha, nikapamba kila hotuba. Asubuhi nikampelekea mhandisi, nikisubiri sifa. Akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, kisha akaniuliza kwa upole, "Karani, tangi tulikubaliana likae wapi?"

Nikachukua karatasi zangu nikatafuta. Nikatafuta ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Jambo lenyewe lilikuwa katika ukurasa wa tano, katikati ya sentensi ndefu inayomshukuru mwenyekiti wa kijiji. Wakati nimelipata, mhandisi alikuwa amekwisha kwenda zake.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba mabwana wale wamesoma hesabu tu, Kiswahili kizuri hawakijui. Nikamsomea kurasa zote sita. Alikuwa anachambua maharage. Nilipomaliza akainua uso akauliza, "Na tangi litakaa wapi?"

Basi, msomaji, nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba watu wawili wasiojuana hawawezi kuuliza swali moja bila ya kuwapo sababu. Nikaanza upya. Nikaandika mambo yaliyokubaliwa kwanza, kila moja na mstari wake, nani atafanya na siku gani. Maneno yaliyosemwa yakafuata chini kwa anayetaka. Kurasa sita zikawa moja na nusu. Hakuna aliyenisifu, lakini kikao cha pili niliona karatasi yangu imekunjwa katika mfuko wa shati la Fundi, ina alama za udongo. Kurasa zile sita sikuziona mfukoni mwa mtu yeyote.

Baada ya hapo nikaona upungufu mwingine mkubwa zaidi, nao ni kwamba niliandika mambo nisiyoyajua. Wakisema chemba, naandika chemba. Wakisema koki ya hewa, naandika koki ya hewa. Lakini ungeniuliza koki ya hewa ni ya nini, ningetazama dari. Nikamwomba Fundi ruhusa niende naye mtaroni. Akanitazama viatu vyangu akasema, "Njoo, lakini hapa hakuna kiti." Nikaenda siku tano. Nikachimba, nikabeba bomba begani pamoja na vijana, nikauliza maswali hata wakachoka nami. Ndipo nilipofahamu kwamba bomba likipanda kilima na kushuka, hewa hujikusanya pale juu, na hewa hiyo huziba njia kama mtu aliyekaa mlangoni, ndiyo maana huwekwa koki ya kuitoa. Mabondeni huwekwa koki nyingine ya kutolea tope. Bomba hufukiwa chini sana ili jembe lisilifikie, na gari likipita juu yake lisilivunje. Mambo haya kwa mafundi ni kama Baba Yetu, hawana haja ya kuyasema. Kwangu yalikuwa mapya, na kwa wanakijiji wote yalikuwa mapya vilevile. Tangu siku zile Fundi akaacha kuniita "wewe wa parokia", akaniita "Karani".

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ilitakiwa kuagizwa bomba za namna mbili, nene na nyembamba. Nene zilikuwa za milimita 90, urefu wa mita 630. Nyembamba zilikuwa za milimita 63, urefu wa mita 900. Msomaji, angalia tarakimu hizo uone mtego uliokuwamo! Mimi nilikuwa na usingizi, nikaandika orodha ya kuagizia, nikazipindua. Zile nene zikawa mita 900 na nyembamba mita 630. Barua ikatiwa sahihi, maana walikuwa wamekwisha kuniamini kidogo, ikaondoka na gari alasiri.

Usiku nikinakili katika daftari nikaona kosa. Moyo ukanishuka. Saa ilikuwa nne na nusu. Shetani akaniletea mawazo mengi: labda muuza bomba ataona mwenyewe, labda nitasema mhandisi ndiye alinisomea vibaya, na nani angemwamini karani au asingemwamini? Mke wangu akaniuliza mbona sikunywa uji wangu. Nikachukua simu nikatoka nje, nikapanda juu ya kichuguu pale panapopatikana mtandao, nikampigia mhandisi. Nikamwambia, "Bwana mhandisi, nimekosa mimi." Nikamwelezea. Akanyamaza kitambo kirefu, nikasikia chura wakilia mtoni. Kisha akasema, "Umefanya vyema kunipigia. Nitawazuia asubuhi."

Kikao kilichofuata, mpima ardhi alipotaja kipimo fulani, mhandisi aligeuka akaniuliza mbele ya wote, "Karani, ndivyo ilivyo katika kitabu chako?" Sikuamini masikio yangu. Nilikuwa nimetafuta heshima kwa methali na kwa kurasa sita, sikuipata. Ilikuja usiku, juu ya kichuguu, kwa kuungama. Ninyi mnaokwenda kitubio mnajua habari hizi kuliko ninavyoweza kueleza.

Na kosa la namna hii si la washamba wa Kasanda peke yao. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo kilichosafiri hadi karibu na sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter. Kundi moja la wataalamu lilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na kundi jingine likazipokea kana kwamba ni za metriki. Chombo kikapita chini mno kuliko ilivyopangwa, kikapotea. Wote walikuwa wasomi wakubwa. Namba zilikuwapo, neno moja la kuonyesha ni namba za kipimo gani ndilo halikusimama mahali pake.

Nikirudi kwetu, jambo zito kuliko yote lilitokea mwezi wa tatu wa kazi. Tulikuwa tumekubaliana, na mimi nimeandika, kwamba mtaro uwe na kina cha mita moja. Mahali pamoja bondeni palikuwa na mwamba, na vijana wa mkandarasi wakachimba sentimita 40 wakafukia haraka. Pale ndipo wanawake wa kijiji hulima maharage. Nilipita na fimbo yangu niliyoitia alama, nikapima, nikaandika katika daftari: siku fulani, mahali fulani, sentimita 40. Sikumwambia mtu.

Siku moja kabla ya kikao cha kukagua, msimamizi akaniita kando. Alikuwa mpole sana siku ile, akanipa na soda. Akasema, "Mwalimu, katika zile kumbukumbu za mwanzo umeandika mita moja. Neno hilo ni kali. Andika 'kina cha kutosha'. Maana ni ileile, na Kiswahili chake ni kizuri zaidi."

Nami nakiri kwenu kwamba niliogopa. Posho yangu ya kila kikao ilitoka mkononi mwake, na nyumbani tulikuwa na mtoto mchanga. Tena alinishika pale penye udhaifu wangu, akanisifia Kiswahili. Nikasema nitafikiri.

Usiku ule nikafungua Biblia, kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 36. Kama hamkumbuki, isomeni, ni habari ya karani. Baruku aliandika katika gombo maneno aliyosomewa na Yeremia. Wakubwa wakamwuliza ameyaandikaje, naye akajibu kwa unyofu kwamba nabii alitamka na yeye akaandika kwa wino. Gombo likapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu, ilikuwa wakati wa baridi, naye ameketi mbele ya moto. Kila kipande kiliposomwa, mfalme akakikata kwa kisu na kukitupa motoni hadi lote likaisha. Kisha nini? Yeremia akachukua gombo jingine akampa Baruku, naye akayaandika yote tena, na mengine yakaongezwa. Nimesoma habari hiyo mara nyingi zamani nikimwangalia nabii. Usiku ule nilimwangalia karani.

Hata hivyo mimi si Baruku, wala sikuwa na nguvu za kumkemea mkubwa. Asubuhi nikamwendea msimamizi nikamwambia, "Mzee, kumbukumbu za mwanzo zimekwisha kutiwa sahihi na watu saba, siwezi kuzigusa. Lakini maneno yako nitayaandika leo chini ya jina lako: kwamba msimamizi amependekeza kina kiwe cha kutosha badala ya mita moja. Nitayaandika kama ulivyoyasema, na tarehe."

Akanitazama sana. Akasema, "Usiandike." Nikasema, "Haya, mzee." Hakuongeza neno, wala mimi sikuongeza. Soda ilikuwa bado mkononi mwake nyingine, akaiweka mezani akaondoka.

Katika kikao mhandisi akauliza habari ya bondeni, nikafunua daftari nikasoma kipimo na siku niliyopima, sikutia neno la lawama hata moja. Paliponyamaza kidogo, Fundi akasema, "Ni kweli, nami nimepaona." Wakarudi wakapasua mwamba kwa nyundo na tindo, hatua kama mia moja na ishirini. Vijana waliofanya kazi ile ngumu walininunia wiki nzima, nami nawapa haki yao, maana mwamba si ugali. Msimamizi hakunichukia kama nilivyodhani. Baadaye alinitafuta niwe shahidi wa karatasi yake mwenyewe katika shauri jingine na mkandarasi, akasema, "Nataka mtu ambaye kitabu chake hakipindwi." Mambo ya dunia ni ya ajabu.

Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo. Mwenzetu mmoja mwenye kalamu kubwa kuliko zetu zote, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909, hakuishi kwa vitabu. Alikuwa karani. Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. 1944 hadi 1946 alitumika katika idara ya mifugo. 1946 hadi 1952 katika ofisi ya wilaya Tanga. Na 1952 hadi 1960 katika ofisi ya upimaji ardhi huko huko Tanga. Fikirini: miaka karibu thelathini na mitano katikati ya watu wa ushuru, waganga wa ng'ombe na wapima ardhi, chini ya wakubwa Wazungu wa siku zile za kutawaliwa. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, yeye akiwa bado mezani pa ofisi ya wilaya. Alifariki Juni 1962, nchi ina miezi michache tu ya uhuru. Nafikiri mara nyingi habari za wapima ardhi wale waliokaa naye chumba kimoja, wakimwona ananakili orodha za viwanja, na huenda mmoja alimwambia alete chai. Watumishi wa kalamu wana ndugu wengi wa namna hii. Mtakatifu Yeronimo mwenyewe, kabla ya kukaa Betlehemu na tafsiri yake ya Biblia, alikuwa mwandishi wa Papa Damaso kule Roma. Na ule Waraka wa Mtume Paulo kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa mtu aitwaye Tertio, ambaye mwishoni ametia salamu zake mwenyewe katika mstari mmoja. Mimi mstari ule naupenda mno.

Basi, turudi majini. Kazi ilipokaribia kwisha, kampuni ilileta kitabu cha maagizo ya kutunza mradi. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa nyingi, kizuri, na michoro. Kilikabidhiwa kwa mtunza koki, mzee wa makamo asiyejua neno la Kiingereza. Alikipokea kwa mikono miwili akakifunga katika kitambaa cheupe kama mtu afungavyo kitabu kitakatifu, akakiweka sandukuni.

Nikamwambia mhandisi, "Bwana, kitabu hiki hakitatoka sandukuni." Safari hii alikuwa yeye aliyesema, "Basi tuandike." Akasema tuandike, msomaji, yaani mimi na yeye! Tukakaa jioni tatu, yeye, Fundi na mimi. Yeye anataja jambo, Fundi anasema lipi lina hatari na lipi si kitu, nami natafuta neno. Tukapata ukurasa mmoja.

Jambo la hatari kupita yote lilikuwa kufunga koki kubwa ya tangi kwa ghafla. Katika kitabu cha Kiingereza lilikuwa katikati kabisa, bila sababu. Nikamwuliza Fundi, "Kwa nini isifungwe ghafla?" Akasema, "Bomba litapasuka." "Kwa nini lipasuke?" Akafikiri, kisha akasema, "Wewe umepata kushuka mlima na baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi?" Nikasema naam. "Ukikamata breki ghafla?" Nikasema mikungu yote itanijia kisogoni. "Maji nayo ni mzigo unaotelemka. Ukiyazuia ghafla, mzigo wote unagonga bomba." Nikayaandika hivyo hivyo, na baiskeli na ndizi. Mhandisi akacheka, akasema chuoni walimfundisha jambo hilo kwa hesabu ya ubao mzima, lakini tuliache hivi hivi.

Kisha nikasema tusibandike kabla ya kuijaribu. Tukamwita mtunza koki, tukampa karatasi, tukanyamaza. Nilikuwa nimeandika: ili kufunga, zungusha kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ni maneno sahihi, nilijifunza chuoni. Mzee akasoma mara mbili, akashika gurudumu la koki akalizungusha upande wa kufungua, nalo lilikuwa limekwisha kufunguka, akalikaza kwa nguvu hata Fundi akapiga kelele. Kumbe saa yake ni ya simu, ina tarakimu tu, haina mishale! Nikafuta, nikaandika: zungusha kuelekea mkono wa kuume. Msichana wa darasa la tano aliyekuja kuchota maji alikuwa anatutazama. Akasema, "Shikamoo mwalimu, ni upande wa juu wa gurudumu au wa chini? Maana juu likienda kuume, chini linakwenda kushoto." Mhandisi na Fundi na mimi tukatazamana. Tukaenda dukani tukanunua rangi nyekundu, tukachora mshale juu ya koki yenyewe.

Ilibaki namna ya kufunga polepole. Mhandisi alitaka sekunde 20 kwa kila mzunguko, na mtunza koki saa ya kupima sekunde hana. Akasema mwenyewe, "Mwalimu, mimi nitasali Salamu Maria moja kwa kila mzunguko." Tukapima kwa simu ya mhandisi, na kweli, kwa namna mzee yule anavyosali, bila haraka, ilikaribia sekunde ishirini. Niliogopa kuiandika mpaka nimwulize Baba Paroko. Akacheka hata akafuta machozi, akasema Mama Maria hatakasirika kwa maji kufika salama. Tukaiandika.

Karatasi ile imekaa katika kibanda cha tangi tangu mwaka 2018. Baada ya kuundwa kwa RUWASA mwaka 2019, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, mradi ulikabidhiwa kwa jumuiya ya watumia maji, na katibu wao alikuja kwangu kunakili daftari. Mhandisi yuko mkoa mwingine; mwaka juzi alinipigia simu akaniomba "ile ya baiskeli", nikampelekea picha yake. Msimamizi tukikutana Kakonko mjini hunisalimu kwa jina na kuniuliza habari za watoto.

Mtunza koki yule amezeeka, sasa yuko binti mmoja, mchapakazi kweli. Si Mkatoliki, kwa hiyo yeye huhesabu hadi ishirini, na nimeongeza jambo hilo kwa kalamu pembeni. Wiki iliyopita alikuja ofisini kuniambia kwamba mshale umefutika kwa mvua, na kwamba mtu mgeni hawezi tena kujua ni upande gani. Jumatano, Mungu akipenda, nitapanda kule na kopo la rangi.

Karani wa parokia,
Kasanda.